Mtoto kaniuliza "NHK ni ya nani?" Wazazi mlioko Japani mnawajibuje?

#1 Mama Imani
Wakuu, salaam.

Binti yangu yuko darasa la tano hapa Saitama. Kwenye maarifa ya jamii wamefika sura ya habari na utangazaji, na wameambiwa waulize nyumbani familia inapata wapi habari zake na nani anazigharamia. Akaja moja kwa moja na swali kuhusu NHK, shirika la utangazaji la Japani: "Mama, NHK ni ya nani?" Mdogo wake wa chekechea akadakia kwamba ni ya Wanwan, yule mbwa wa kipindi cha Inai Inai Baa. Baba yao akasema ni ya wananchi kwa kuwa tunailipia. Mimi nasema ni ya serikali, maana sijaona chombo kikubwa namna ile ambacho serikali haijakiwekea mkono.

Ninachotaka kujua kwenu mliolea watoto huku: mnawatambulishaje NHK? Watoto wetu wanaijua kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati, lakini wanaijua kwa nyimbo na midoli. Mtoto wa miaka kumi na moja anastahili zaidi ya hapo. Anastahili kujua nani analipa, nani anaamua, na huko nyuma iliwahi kutumiwa kwa lipi.

#2 Fundi Mitambo
Dada, si ya serikali. Ni shirika la umma linaloongozwa na Sheria ya Utangazaji ya 1950. Halina wenye hisa, haliruhusiwi kurusha matangazo ya biashara, na haliishi kwa fedha za hazina. Linaishi kwa ada ya kila nyumba yenye televisheni, yen 1,225 kwa mwezi. Mwambie mtoto ni ya wote wanaolipa. Shemeji yuko sahihi.

#3 Kidiku wa Nagoya
Fundi, 1,225 ilikuwa zamani. Tangu Oktoba 2023 ada ilishushwa, kawaida ni 1,100, na mwenye setilaiti 1,950. Okinawa wanalipa pungufu, 965.

Halafu hapo kwenye "haliishi kwa fedha za hazina" pana kona. Matangazo ya kimataifa ya NHK hupata ruzuku ya serikali kila mwaka, na ndani yake imo Idhaa ya Kiswahili tunayoisikiliza sisi. Bodi ya magavana ina watu 12, wanateuliwa na waziri mkuu kwa idhini ya mabunge yote mawili. Bajeti nayo lazima ipite bungeni kila mwaka. Sasa chombo ambacho bosi wa bosi wake anateuliwa na waziri mkuu, na hesabu zake zinapigiwa kura na wabunge, utamwambiaje mtoto kwamba serikali haimo? Mama Imani hajakosea sana.

#4 Fundi Mitambo
Asante kwa bei. Hoja nyingine siikubali. Rais wa NHK hateuliwi na waziri mkuu, anachaguliwa na hiyo bodi, tena kwa kura zisizopungua 9 kati ya 12. Na bunge si serikali. Kama bunge kupitisha bajeti kunafanya kitu kuwa cha serikali, basi hata mahakama ni za serikali.

#5 Kidiku wa Nagoya
Umezitaja mahakama mwenyewe. Desemba 2017 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Japani iliamua kwamba kulazimishwa kuingia mkataba na NHK ukiwa na televisheni ni halali kikatiba. Kitu changu siwezi kulazimishwa kukilipia. Nikilazimishwa kwa sheria, hiyo kwangu ni kodi, na kodi ina mwenyewe. Wajapani wengi wanaliona hivyo hivyo. Ndiyo maana 2019 chama kilichoanzishwa kupinga NHK kilipata kiti kwenye baraza la juu.

#6 Mama Imani
Ahsanteni, ila mmeshatoka kwa mtoto. Nikimtajia kura 9 kati ya 12 atarudi kwenye daftari lake. Nionyesheni mlango wa kuingilia.

#7 Bandari ya Yokohama
Nawasalimu kutoka Yokohama, mimi ni wa Likoni.

Mlango uko kwenye sebule yenu tayari. Keti naye mtazame Pitagora Switch. Ni kipindi cha 2002, kilibuniwa na Masahiko Satō pamoja na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Keio. Gololi inateremka juu ya rula, inaangusha kitabu, kitabu kinavuta uzi, uzi unafungua kikombe, na mwisho kibendera kinainuka chenye jina la kipindi. Vitu vyenyewe ni vya mezani: penseli, gundi ya karatasi, brashi ya meno, chupa tupu. Hakuna mtu anayeongea. Hakuna anayekuuzia kitu.

Nilimuuliza mwanangu: umeona tangazo lolote la mdoli au la peremende hapo? Akafikiria, akasema hapana. Nikamuuliza: sasa aliyetengeneza amelipwa na nani? Alitaja majirani wote wa ghorofani kwetu mmoja mmoja. Siku hiyo alielewa ada kuliko mimi nilivyoieleweshwa na barua ya kwenye sanduku la posta.

#8 Mwalimu Rajabu
Yakhe Bandari, hapo umenena. Mimi nafundisha Unguja, huko Japani nilikwenda kwa mafunzo tu. Nikaona chekechea ya hapo wakitazama kipindi, na jambo lililonishika ni utulivu wake. Mtangazaji anamaliza sentensi, anasubiri, mtoto anajibu skrini. Hivi utulivu huo ndio unaletwa na kukosa matangazo? Au kuna sababu nyingine?

#9 Bandari ya Yokohama
Kwangu ni hiyo hiyo. Kituo cha biashara lazima kimshike mtoto asibanduke mpaka tangazo lipite. E-tele, chaneli ya elimu ya NHK inayorusha vipindi hivi, haina cha kumshikilia.

#10 Dada wa Kawaguchi
Si hiyo tu jamani. Chaneli ile ilizaliwa kwa ajili ya shule. Televisheni ya elimu ya NHK ilianza Januari 10, 1959, na Okaasan to Issho, kipindi cha watoto wadogo, ilianza Oktoba mwaka huo huo, inaendelea hadi leo. Walioanzisha walikuwa na darasa kichwani, si sebule. Ndiyo maana vipindi vingi ni vifupi, dakika tano au kumi, mwalimu aweze kuzima na kuuliza maswali. Mpaka leo iko tovuti ya NHK for School, video fupi fupi zimepangwa kwa darasa na somo, na walimu wanazitumia kweli. Mwanangu wa darasa la tatu aliona kipepeo akitoka kwenye gamba lake kwa video hizo kabla yule wa darasani kwao hajatoka.

#11 Kidiku wa Nagoya
Nyote mnasema sheria na shule. Mimi nasema ni watu. Sheria ya 1950 ilikuwepo miaka yote, lakini Pitagora Switch haikuzaliwa mpaka akatokea mtu kama Satō. Aliyetoka kwenye utengenezaji wa matangazo ya biashara, tena. Ujuzi wa kumshika mtazamaji kwa sekunde 15 aliutoa huko akauleta kwa watoto. Kwa hiyo utulivu wa E-tele umetokana pia na ufundi wa matangazo. Mkitaka kumfundisha mtoto ukweli, mfundisheni na huo.

#12 Mwalimu Rajabu
Kidiku wewe hukubali kitu mpaka ukigeuze upande wa pili. Lakini hili nimelipenda.

#13 Bibi Harusi wa Chiba
Mimi nitaongea la tetemeko, maana ndipo mwanangu alipoijua NHK.

Mnaijua ile sauti ya tahadhari, noti zinazopanda haraka haraka mara mbili kabla ardhi haijatikisika? Iliundwa na Profesa Tōru Ifukube, mtaalamu wa vifaa vya watu wenye ulemavu wa kusikia. Tahadhari kwa umma ilianza Oktoba 2007. Alitafuta sauti inayomwamsha mtu bila kumtia kiwewe, na inayosikika hata na mwenye masikio dhaifu. Chanzo chake ni muziki wa ami yake, Akira Ifukube, yule aliyetunga muziki wa Godzilla.

Januari 1, 2024, saa kumi jioni na dakika kumi, rasi ya Noto ilipopigwa na tetemeko, sisi tulikuwa tunakula mabaki ya chakula cha mwaka mpya. Mtangazaji wa NHK aliacha kabisa ile sauti ya taarifa ya habari. Alipaza sauti akiamuru watu wakimbie sasa hivi, wasisimame, wasirudi nyuma. Kwenye skrini yakatokea maandishi makubwa ya hiragana tupu, zile herufi rahisi ambazo watoto hujifunza kwanza, "Tsunami! Kimbieni!" Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujifunza hiragana. Aliyasoma mwenyewe kwa sauti kabla yangu. Mimi na kanji zangu (zile herufi ngumu zenye asili ya Kichina) za kuokoteza nisingeyasoma haraka kama yangeandikwa kwa kanji.

Akaniuliza kwa nini wameandika kama kitabu cha watoto. Nikamwambia: kwa sababu yako, na kwa sababu yangu.

#14 Mama Imani
Bibi Harusi, hilo nitamweleza leo leo.

#15 Fundi Mitambo
Naongezea. Ukali ule haukuwepo zamani. Machi 11, 2011, siku ya lile tetemeko kubwa na tsunami, tahadhari za mwanzo zilisomwa kwa utulivu uliozoeleka, na makadirio ya mwanzo ya wimbi kwa mkoa wa Iwate yalikuwa mita 3. Wako waliodhani ukuta wa bahari utawatosha. Baada ya msiba ule NHK ilikaa chini ikabadilisha namna ya kutangaza, maneno yakawa amri, na hiragana ikaingia kwenye skrini. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuelewa kwamba kituo kilijifunza kutokana na watu waliokufa.

#16 Kidiku wa Nagoya
Sasa hapo ndipo pa kumwambia na upande mwingine. NHK haikuanza kama ilivyo. Redio ya Tokyo ilianza Machi 22, 1925 pale kilima cha Atagoyama, mwaka uliofuata ikaunganishwa na za Osaka na Nagoya, na baadaye ikawa sauti ya jeshi mpaka vita vilipokwisha. Hiyo Sheria ya 1950 mnayoisifu iliandikwa kwa sababu ya vita.

#17 Dada wa Kawaguchi
Marekebisho: Machi 22 ilikuwa Shibaura, kwenye studio ya muda. Atagoyama walihamia Julai 1925.

Na pale Atagoyama leo pana makumbusho ya utangazaji ya NHK, yamefunguliwa tangu 1956, kiingilio bure. Mama Imani, mpeleke huko kabla hajaandika kazi yake. Kuna ngazi za hekalu la Atago, 86, zimesimama kama ukuta, watoto wanazipenda na mabibi wanapanda lifti. Ndani mtoto anakaa kwenye meza ya msoma habari au anasimama mbele ya ramani ya hali ya hewa, anajiona kwenye skrini. Wangu alisoma utabiri wa mvua mara tatu, foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Kuna na zile kamera za zamani, kubwa kama jokofu.

#18 Bandari ya Yokohama
Na sahani ya santuri ya Agosti 15, 1945 imo humo. Ile hotuba ya mfalme ya kusalimu amri, iliyorekodiwa na mafundi wa NHK usiku wa tarehe 14. Kuna maofisa wa jeshi walioitafuta usiku kucha ikulu ili isirushwe, wakaingia mpaka kwenye jengo la redio. Hawakuipata, na saa sita mchana ikasikika nchi nzima. Mwanangu alisimama mbele ya kabati la kioo akaniuliza, "Kitu kidogo hivi?" Nikaona ameelewa kwa nini watu hugombania redio.

#19 Mwalimu Rajabu
Hapo nimepata cha kuwaambia wanafunzi wangu. Sisi Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenzetu wa bara wakasubiri hadi ITV 1994. Siwachokozi.

#20 Fundi Mitambo
Umechokoza, mwalimu. Tulikuwa tunasikiliza redio, na akili ilikuwa inakua vizuri tu.

#21 Mama Imani
Rudini huku. Swali lingine: mtoto mkubwa mnamsogezaje kutoka kwenye nyimbo kuja kwenye habari? Taarifa ya habari ya saa moja jioni binti yangu anaikimbia.

#22 Dada wa Kawaguchi
Zamani kulikuwa na Shūkan Kodomo News, 1994 hadi 2010. Familia ya kuigiza sebuleni, baba, mama na watoto watatu, wakieleza habari za wiki kwa mifano ya maboksi na karatasi. Akira Ikegami alikuwa baba mpaka 2005, naye alikuwa mwandishi wa habari hasa kabla ya hapo. Kilipokufa hakikupata mrithi wa kufanana. Hili linaniuma kusema kweli.

Sasa hivi jaribu redio, kipindi cha sayansi cha kupiga simu, Kodomo Kagaku Denwa Sōdan. Kilianza 1984 kama cha likizo ya kiangazi, tangu 2019 ni kila Jumapili. Mtoto anapiga simu anauliza kwa nini dinosaria fulani alikuwa na mikono mifupi, na mtaalamu wa kweli anamjibu kwa heshima, mara nyingi anamuuliza kwanza, "wewe unaonaje?" Wakati mwingine mtoto anamshinda mtaalamu kwa majina ya dinosaria. Binti yako akisikia sauti ya mtoto mwenzake ikijibiwa na profesa, habari hataikimbia tena.

#23 Bibi Harusi wa Chiba
Kwetu aliyefanya kazi hiyo ni Chiko-chan, kitoto cha miaka mitano chenye kichwa kikubwa kinachowafokea watu wazima wasiojua majibu. Kipindi ni cha 2018. Wangu sasa anamfokea baba yake mezani. Sijui kama nishukuru.

#24 Kidiku wa Nagoya
Na Domo-kun mmemsahau! Yule mdoli wa kahawia mwenye mdomo wazi. Watoto wa dunia nzima wanamjua, wengine hawajui kabisa kwamba alizaliwa 1998 kutangaza miaka kumi ya setilaiti ya NHK. Shirika lililokatazwa kutangaza biashara za wenzake linajua sana kujitangaza lenyewe.

#25 Fundi Mitambo
Kidiku, kile si kitu kibaya.

#26 Kidiku wa Nagoya
Sijasema kibaya. Nasema mtoto akijua hilo anakuwa mtazamaji, siyo shabiki tu.

#27 Salma Maskati
Habari zenu. Sisi tuko Maskati, watoto wanaongea Kiswahili na Kiarabu, na mkubwa anataka Kijapani kwa ajili ya katuni. Huku tunaanzia wapi? E-tele hatuipati.

#28 Bandari ya Yokohama
Dada Salma, anzeni na Idhaa ya Kiswahili ya NHK World mtandaoni. Kuna masomo ya Kijapani yenye maelezo ya Kiswahili, yale ya binti Tam kutoka Vietnam anayefika Tokyo kusoma. Sentensi moja kila somo, sauti ipo. Msimpeleke kwanza kwenye habari. Apate sentensi ya kuomba samahani na ya kuuliza njia, atafurahi.

#29 Mama Mtarajiwa
Jamani samahani natoka nje kidogo. Mdogo wangu ni mwanafunzi, anakuja Aprili, atapanga chumba Chiba. Naye atalipa hiyo 1,100?

#30 Dada wa Kawaguchi
Kama hana televisheni, hapana. Kama anayo, kuna msamaha kwa wanafunzi, ulipanuliwa Oktoba 2023, lakini lazima aombe na alete vithibitisho, hauji wenyewe. Na aangalie, tangu Oktoba 2025 kuna NHK ONE ya mtandaoni. Asiye na televisheni akianza kuitumia anatakiwa naye kuingia mkataba.

#31 Mama Imani
Mrejesho mfupi. Tumekaa jana tukatazama gololi zikiteremka, nikamsomea na la hiragana za Noto. Ameandika kwenye daftari kwamba NHK ni ya wanaolipa, halafu akafuta, akaandika ni ya wanaohitaji kukimbia. Baba yake hajaridhika, anataka neno "wanaolipa" lirudi. Jumapili tunakwenda Atagoyama.

#32 Fundi Mitambo
Usifute, dada. Aandike yote mawili.

#33 Kidiku wa Nagoya
Na la tatu: "wanaopitisha bajeti".

#34 Salma Maskati
Basi naomba mnijibu na mimi. Mwanangu jana kasikiliza somo la kwanza la Tam kwa Kiswahili, hapa Maskati, bila kulipa hata baisa moja. Kidiku kasema matangazo ya nje yanapata ruzuku ya serikali ya Japani, Fundi anasema NHK inaishi kwa ada, yaani za majirani wa ghorofani aliowataja Bandari. Kwa mtoto wangu ambaye hajawahi kufika huko wala hatalipa, nimwambie amefundishwa na nani?

#35 Mwalimu Rajabu
Hilo nalo zito. Kidiku, Fundi, tunawasubiri.